Wilaya ya shule inapojivua sheria za jimbo: mwongozo kamili kwa mzazi wa Texas

Jirani yangu, mama wa watoto watano aliyetoka Uvira, aligonga mlango wangu jioni moja ya Februari. Mkononi alishika karatasi mbili alizozikuta kwenye begi la mwanawe wa darasa la tatu, moja ya Kiingereza, nyingine ya Kihispania. Alikuwa ameambulia mstari mmoja tu. "Kaka, hapa wanasema shule haitafuata tena sheria fulani. Shule inaachaje sheria? Nani amewapa ruhusa?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata baadaye, baada ya kusoma sheria yenyewe na kukaa kwenye vikao vya bodi ambavyo viti vyake vingi vilikuwa vitupu. Wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Texas, kuanzia Houston hadi Fort Worth na Abilene, wanapitwa na jambo hili kwa sababu halijaandikwa kwa lugha yao. Nimeandika hapa kila nilichotamani kumweleza yule mama jioni ile.

Jambo lenyewe ni nini

Texas ina sheria ya elimu, Texas Education Code, inayoziongoza shule za umma za jimbo zima: siku ya kufungua shule, idadi ya watoto darasani, cheti cha mwalimu, mkataba wa kazi wa mwalimu. Mwaka 2015 Bunge la Texas lilipitisha muswada HB 1842, na ndani ya sheria hiyo ikazaliwa sura mpya, 12A. Sura hiyo inairuhusu wilaya ya shule kujitangaza District of Innovation, yaani wilaya ya ubunifu. Wenyeji huikatisha kwa herufi DOI. Wilaya ikishapata hadhi hiyo huandika mpango wake, na ndani ya mpango hutaja vifungu vya sheria ya elimu ambavyo havitaibana tena. Hiyo ndiyo misamaha. Hoja ya walioitetea ilikuwa kwamba shule za charter, yaani shule za umma zinazoendeshwa nje ya wilaya, zilikwisha kusamehewa vifungu vingi, wakati wilaya za kawaida bado zimebanwa navyo huku zikigombea watoto walewale.

Kwa aliyekulia Tanzania, neno wilaya lisikuchanganye. Hapa hakuna mkuu wa wilaya. Wilaya ya shule ni chombo cha shule peke yake, chenye bodi ya wadhamini wanaochaguliwa kwa kura, kodi yake ya majengo na ardhi, na mipaka ambayo mara nyingi hailingani na mipaka ya mji. Watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa kwenye wilaya mbili zenye misamaha tofauti.

Jambo ambalo hata wazazi waliozaliwa hapa hulishangaa ni hili: hakuna mtu Austin, makao makuu ya jimbo, anayeupitisha mpango huo. Kamishna wa Elimu wa jimbo anaarifiwa tu. Hana mamlaka ya kuukubali wala kuukataa. Wilaya inatakiwa iwe imefikia kiwango kinachokubalika katika tathmini ya mwisho ya jimbo, basi. Yote yanayobaki yanaamuliwa kwenye ukumbi wa bodi ya wilaya yako, na wilaya zaidi ya 900 zimekwisha kupita njia hiyo. Ulinzi uliokuwa Austin umehamia kwenye ukumbi ambao wewe una haki ya kuingia. Usipoingia, hakuna mwingine atakayeuliza kwa niaba yako.

Mimi si mpinzani wa misamaha. Nimeona wilaya ndogo ya mashambani ikimpata fundi wa kuchomelea vyuma afundishe kazi yake, mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi asiyekuwa na cheti cha ualimu, na watoto wakatoka na ujuzi wa kuwapa ajira. Ninachokihofia ni msamaha unaomwondolea mzazi haki ya kuambiwa. Huo nitaurudia mara kadhaa.

Hatua ya kwanza: upate mpango na uangalie tarehe

Anza kwa kujua wilaya yako. Jina lake liko kwenye karatasi yoyote ya shule, na kwa kawaida linaishia na herufi ISD. Kwenye simu andika jina hilo pamoja na maneno Local Innovation Plan. Sheria inailazimisha wilaya kuuweka mpango wake mahali panapoonekana kwenye tovuti yake muda wote ambao hadhi hiyo inaendelea, na nakala lazima iende TEA, wakala wa elimu wa jimbo, ambao nao huiweka kwenye tovuti yao. Ukikosa kwenye tovuti ya wilaya, tafuta kwenye ya TEA. Ukikosa kote, piga simu ofisi kuu ya wilaya uulize.

Kabla ya kusoma chochote, tafuta tarehe mbili: mpango ulianza lini na unaisha lini. Hauwezi kuzidi miaka mitano. Wilaya nyingi zilianza mwaka 2016 na 2017, zikahuisha mipango yao mwaka 2021 na 2022, na hesabu hiyo inaifikisha zamu inayofuata mwaka 2026 na 2027. Wakati wa kuhuisha, mpango mzima unafunguliwa upya na hatua za kuupitisha zinarudiwa. Hapo ndipo sauti ya mzazi ina uzito kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo andika tarehe ya mwisho ya mpango kwenye kalenda ya ukutani, kisha rudi nyuma miezi minane na uandike neno moja: uliza.

Usidhani kwamba wilaya kubwa au yenye msimamo haiwezi kubadilika. Houston ISD, kubwa kuliko zote Texas, ilikaa nje ya mpango huu kwa miaka mingi. Jimbo liliichukua Juni 2023, likaweka bodi ya kuteuliwa, na Desemba mwaka huohuo bodi hiyo ikapitisha hadhi ya DOI. Watoto wa Houston walianza shule tarehe 12 Agosti 2024, wiki mbili kabla ya siku ambayo sheria ya jimbo ingeruhusu.

Hatua ya pili: soma kwa namba za vifungu

Kurasa za mbele za mpango huwa na maneno mazuri kuhusu ndoto za wilaya. Zipitie haraka. Moyo wa mpango uko kwenye orodha ya vifungu, na kila kifungu kina namba. Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza andika namba ya kifungu. Ya pili, sheria ya jimbo inasema nini. Ya tatu, wilaya itafanya nini badala yake. Safu ya tatu ikibaki tupu, umekwisha kupata swali lako la kwanza.

Hivi ndivyo vifungu utakavyokutana navyo mara nyingi.

Kifungu 25.0811 kinasema masomo yasianze kabla ya Jumatatu ya nne ya Agosti. Huu ndio msamaha ulioenea kuliko yote. Wilaya hupenda kuanza mapema ili muhula wa kwanza uishe kabla ya Krismasi na watoto wasifanye mitihani wakitoka likizo. Kwa familia nyingi hauna madhara, ila kwa mzazi anayesafirisha watoto kwenda Dar es Salaam au Bujumbura wakati wa kiangazi unaweza kugharimu pesa nyingi. Usikate tiketi kabla kalenda ya mwaka unaofuata haijatoka.

Hapohapo ondoa mkanganyiko mmoja. Wiki ya siku nne, inayowatesa wazazi wa zamu za viwandani, haitokani na msamaha wa kifungu hiki pekee. Tangu sheria nyingine ya mwaka 2015, Texas inahesabu dakika 75,600 za masomo kwa mwaka badala ya siku 180, na wilaya ina uhuru wa kuzipanga. Mpango wa ubunifu huongeza tu nafasi ya kuzipanga.

Kifungu 25.112 kinaweka watoto 22 kwa mwalimu mmoja kwenye madarasa ya chini, hadi darasa la nne. Wilaya isiyo na msamaha ikitaka kuzidisha lazima iombe ruhusa TEA. Kifungu 25.113 kinachofuata kinaitaka wilaya iliyopewa ruhusa hiyo kuwaandikia wazazi wa watoto wa darasa husika. Hivi viwili husamehewa pamoja, na ndipo ninapokuomba usimame usome mara mbili. Kusamehewa 25.112 kunaweza kuwa na sababu: mtoto wa ishirini na tatu amehamia Oktoba, na kufungua darasa jipya kwa ajili yake ni gharama kubwa. Lakini kusamehewa 25.113 maana yake ni kwamba darasa la mwanao linaweza kufika watoto 27 na hutaletewa hata kipande cha karatasi. Kumwandikia mzazi barua hakumzuii mwalimu kubuni chochote. Sijawahi kusikia hoja iliyonishawishi kwa nini kifungu hicho kiondolewe, na nimeuliza zaidi ya mara moja.

Angalia pia kama mpango unataja kikomo kipya. Kuna mipango inayosema darasa lisizidi watoto 24 au 25, na ikizidi mkurugenzi wa wilaya aiarifu bodi. Kuna mingine inayofuta 22 bila kuweka namba yoyote. Tofauti ya hiyo miwili ni kubwa mno, ingawa zote zimeandika kifungu kilekile.

Kifungu 21.003 kinadai mwalimu awe na cheti cha jimbo, na 21.057 kinadai mzazi aandikiwe mwanawe anapofundishwa na mtu asiye na cheti kinachofaa. Msamaha huu ulianza kwa mafundi na walimu wa masomo ya ufundi, halafu upungufu wa walimu ukaupanua mpaka madarasa ya kusoma na hesabu. Ilifika hatua ambapo takriban theluthi moja ya walimu wapya walioajiriwa Texas hawakuwa na cheti. Mwaka 2025 Bunge lilishtuka, likaweka ndani ya HB 2 masharti yanayoufunga mlango huo hatua kwa hatua kwa masomo ya msingi: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kwa hiyo ukikuta mpango wa zamani unaosamehe cheti kwa masomo yote, uliza bodi inavyokusudia kuufanya uende sambamba na HB 2.

Kifungu 25.092 kinamnyima mwanafunzi krediti ya somo asipohudhuria walau asilimia 90 ya siku. Wilaya huomba msamaha ili mwanafunzi anayefanya kazi, aliyeugua au anayesoma kwa mtandao apimwe kwa anachokijua badala ya siku alizokaa kitini. Kwa kijana wa kikimbizi aliyefika akiwa na miaka 17, msamaha huu unaweza kuwa mlango wa kumaliza shule. Lakini hauifuti sheria ya kuhudhuria shule. Mtoto asiyekwenda bila sababu bado atamletea mzazi barua ya onyo.

Vingine pitia kwa haraka. Kifungu 21.102 kinahusu muda wa mkataba wa majaribio wa mwalimu, 21.352 namna anavyotathminiwa, 37.0012 mtu anayesimamia nidhamu shuleni. Vinawagusa walimu zaidi. Ila mwalimu akikaa majaribio miaka mingi anaweza kuhama, na anayempoteza ni mwanao. Ukiwa na mwalimu unayemwamini, muulize anauonaje mpango.

Hatua ya tatu: jua visivyogusika

Wazazi wengi huogopa kwamba mpango utawaondolea watoto wao mambo ambayo kwa sheria hauwezi kuyagusa. Hofu hiyo huwafanya wakae kimya, au waseme kwa hasira juu ya jambo lisilokuwepo, na bodi ikaacha kuwasikiliza.

Wilaya haiwezi kujisamehe sheria yoyote ya serikali kuu ya Marekani. Haiwezi kujisamehe masharti ambayo shule za charter zenyewe zinafungwa nayo, na humo imo elimu ya watoto wenye ulemavu na elimu ya watoto wanaojifunza Kiingereza. Walimu wa madarasa hayo mawili lazima wawe na vyeti vyao hata kama wilaya imesamehewa cheti kwa wengine. Haiwezi kujiondoa kwenye mtaala wa jimbo, masharti ya kuhitimu, mitihani ya jimbo, wala uwajibikaji wa alama na fedha.

Na mtoto hawezi kukataliwa shule kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Kesi iliyoamua jambo hilo kwa nchi nzima ilitoka hapahapa Texas, mji wa Tyler: Plyler v. Doe, Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1982. Hakuna bodi ya wadhamini yenye uwezo wa kujisamehe hukumu hiyo.

Hatua ya nne: ijue njia ambayo mpango lazima upite

Safari huanza kwa moja ya njia mbili. Ama bodi inapitisha azimio, ama wengi wa wajumbe wa kamati ya ushauri ya wilaya wanatia saini ombi. Upesi baada ya hapo bodi lazima iitishe kikao cha wazi cha kusikiliza maoni kuhusu kama wilaya iandike mpango au isiandike. Baada ya kikao, bodi ama inaacha, ama inateua kamati ya kuuandika.

Kamati ikimaliza, vinakuja vizuizi vitatu, na hivi vishike vizuri.

Cha kwanza: mpango wa mwisho lazima ukae kwenye tovuti ya wilaya siku 30 kabla ya kura. Kila siku ya hizo 30 ni yako.

Cha pili: kamati ya ushauri ya wilaya lazima ikutane hadharani na kuupitisha kwa wingi wa kura. Kamati hii imeundwa kwa sheria, ina walimu, wazazi, wakazi na watu wa biashara. Kuna jambo la kuangalia hapa: sheria inaruhusu kamati ikutane siku ileile ya kikao cha bodi, dakika chache kabla. Usisubiri usiku huo. Watafute wajumbe mapema.

Cha tatu: bodi lazima ipitishe kwa kura za theluthi mbili ya wadhamini wote. Bodi ya watu saba inahitaji kura tano, ya watu tisa inahitaji sita. Mdhamini asiyehudhuria hahesabiki kama aliyekubali. Maana yake, wadhamini watatu kati ya saba wakiwa na mashaka, mpango haupiti mpaka urekebishwe. Huhitaji kuishawishi bodi nzima. Zungumza na watatu wanaosikiliza.

Marekebisho ya katikati ya miaka mitano yanahitaji kura ya kamati na theluthi mbili ya bodi. Yanakuja kimya kimya kuliko mpango wa kwanza, kwa hiyo ukiona neno amendment kwenye ajenda, fungua usome.

Hatua ya tano: watafute wajumbe wa kamati

Ningeambiwa nichague hatua moja tu ya kufanya, ningechagua hii. Piga simu ofisi ya wilaya mwanzoni mwa mwaka wa shule, uombe orodha ya wajumbe wa District Advisory Committee, yaani ile kamati ya ushauri ya wilaya, ratiba ya vikao, na maelezo ya jinsi wazazi wanavyochaguliwa. Mwajiriwa wa wilaya hahesabiki kama mwakilishi wa wazazi hata kama ana watoto shuleni; hilo limeandikwa kwenye sheria, na ni vema ukaliangalia kwenye orodha.

Kama wewe mwenyewe una nafasi, omba kuingia. Wengi wetu tunajiondoa kabla ya kuulizwa. Tunasema Kiingereza changu hakitoshi, kazi yangu ni ya usiku, mimi ni mgeni. Lakini watu wa kwetu wamezoea vikao: vikoba, michango ya msiba, kamati za kanisa na msikiti. Anayeweza kusimamia mchango wa kusafirisha maiti kutoka Texas hadi Kigoma, kwa watu 200 wenye maoni 200, anaweza kukaa kwenye kamati ya shule.

Ukishindwa kuingia, mwandikie mjumbe mmoja barua fupi. Taja kifungu, ukurasa na ombi lako.

Hatua ya sita: simama useme

Ajenda ya kikao cha bodi hutangazwa kabla. Sheria ya mikutano ya wazi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2025, inataka siku tatu za kazi. Ifungue ikitoka, tafuta namba ya kipengele cha mpango, ujiandikishe kusema juu ya kipengele hicho. Kila wilaya ina utaratibu wake wa kujiandikisha. Wengine hupokea kwa simu au tovuti, wengine mlangoni jioni hiyohiyo.

Sasa haki ambayo karibu hakuna aliyekuwa ameniambia. Texas inamruhusu mwananchi yeyote kusema juu ya kipengele cha ajenda kabla bodi haijakiamua. Na anayesema kupitia mkalimani lazima apewe walau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa pale ambapo vifaa vya kutafsiri papo kwa papo vinatumika. Wengine wakipewa dakika tatu, wewe una sita. Sema jambo hilo kwa upole unapojiandikisha, na ukipingwa omba waangalie kifungu 551.007 cha Government Code. Kuhusu mkalimani, omba mapema wilaya ikupatie, lakini nenda na wako pia. Asiwe mtoto wako. Mtoto atakayemtafsiria mzazi mbele ya wakuu wa shule yake anabebeshwa mzigo usio wake.

Kusema hakuhitaji uraia. Kupiga kura kunahitaji. Narudia hili kwa uzito wote: kama wewe si raia, usijiandikishe kupiga kura hata mtu mwenye karatasi akikuambia hakuna tatizo, kwa maana kosa hilo linaweza kukugharimu haki yako ya kuishi Marekani. Mwache aliye raia apige kura ya wadhamini. Wewe shika kipaza sauti.

Unapoandaa maneno, chagua kifungu kimoja. Ukitaja vitano, bodi haitakumbuka hata kimoja. Mfano wa maneno niliyomwandalia jirani yangu:

"Naitwa fulani. Watoto wangu wawili wako shule yenu ya msingi. Ukurasa wa sita wa mpango unasamehe kifungu 25.113, kinachotaka mzazi aandikiwe darasa likizidi watoto 22. Siombi mkatae kuongeza watoto pale inapolazimu. Naomba mwandike ndani ya mpango kwamba mzazi ataendelea kuandikiwa, na barua iwe kwa lugha anayoielewa. Mimi hufanya kazi usiku. Nikijua darasa limejaa, nitajua kwamba mwanangu anahitaji kusaidiwa zaidi kusoma nyumbani, na nitapanga zamu yangu. Nisipojua, nitagundua mwezi wa tano kwenye matokeo."

Maneno hayo yanaomba sentensi moja iongezwe. Mdhamini anaweza kuikubali bila kuonekana amewaangusha wenzake.

Hatua ya saba: omba nyaraka

Kama unataka kujua madarasa mangapi yamezidi watoto 22, au walimu wangapi wanafundisha bila cheti katika shule ya mwanao, andika ombi chini ya sheria ya taarifa za umma, Public Information Act. Ombi liwe la maandishi. Barua pepe inatosha ukiituma kwenye anwani ambayo wilaya imeitaja kwa kazi hiyo. Wilaya haina haki ya kukuuliza unazitaka za nini. Wanatakiwa kutoa upesi, na wasipoweza ndani ya siku kumi za kazi lazima wakuandikie kusema watatoa lini. Omba nyaraka zilizokwisha kuandikwa, maana sheria haiwalazimishi kukutengenezea mpya wala kujibu maswali. Na omba kidogo: shule moja, mwaka mmoja. Ombi kubwa linaweza kuja na bili.

Hatua ya nane: baada ya kura

Mpango ukipita, kazi ya mzazi inageuka kuwa ya ufuatiliaji. Mwezi wa Septemba, mtoto akirudi nyumbani, muulize mko wangapi darasani. Mhesabie majina kwa vidole kama ni mdogo.

Kuhusu cheti cha mwalimu, serikali kuu imekuachia haki ambayo mpango hauwezi kuifuta. Kama shule inapokea fedha za Title I, yaani fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini, unaweza kuandika kuuliza sifa za mwalimu wa mwanao, na shule lazima ikujibu. Isitoshe, mwanao akifundishwa wiki nne mfululizo na mwalimu asiyetimiza masharti ya cheti ya jimbo kwa darasa na somo hilo, shule inatakiwa ikuarifu yenyewe. Shule nyingi ambazo watoto wetu wanasoma ziko kwenye Title I. Uliza ofisini: "Je, shule hii ni ya Title I?" Jibu ni ndiyo au hapana.

Wilaya ikipata alama mbovu za masomo au za fedha miaka miwili mfululizo, Kamishna anaweza kuifutia hadhi. Ikifika mitatu, lazima aifute. Hapo vifungu vyote vilivyosamehewa vinarudi kazini.

Jirani yangu alisema dakika tano na nusu. Mkalimani alikuwa binti wa kanisani kwake anayesoma uuguzi. Bodi iliupitisha mpango usiku uleule, na msamaha wa watoto 22 ukabaki. Lakini mdhamini mmoja aliomba sentensi ya barua kwa wazazi irudi kwenye kamati, na miezi miwili baadaye ikarudi kwenye bodi kama marekebisho, ikapita. Oktoba iliyofuata barua ilifika kwenye begi la mwanawe: watoto 25. Bado ilikuwa ya Kiingereza na Kihispania tu. Ameshaniomba nimsaidie kujiandikisha kwa kikao cha Desemba.